Msimbati au Newala: siku yako moja ya mguu uipeleke wapi?

Mtu akiniambia ana siku moja tu ya kutembea Mtwara na hajui ashuke pwani au apande bara, namuuliza kwanza: leo mwezi una siku ngapi? Wengi hudhani nimeruka mada, kumbe hapo ndipo uamuzi unapoanzia. Ufukwe wa Msimbati unapendeza, na ukingo wa Newala unapendeza, na picha za huku na huko haziwezi kukuamulia. Kinachozitenga safari hizi mbili ni maji. Pwani, bahari inakupangia saa: ya kuanza, ya kufika na ya kurudi. Juu Newala, kwa Wamakonde, ardhi haikai na maji, kwa hiyo unapangiwa mzigo: utakachokunywa utakibeba mwenyewe. Jiulize ni lipi unaliweza zaidi, kufuata saa ya mwingine au kubeba chako mgongoni, nusu ya jibu utakuwa umeshalipata.

Ninaposema matembezi nina maana ya kutwa nzima, kilomita kati ya 12 na 18 hivi, kwa mtu mzima mwenye afya ya kawaida. Inaweza kuwa siku yako moja ya mapumziko, au siku moja ndani ya safari ndefu ya mguu kati ya Mtwara na Lindi, maana siku hizi wapo wanaojaribu. Usitarajie vibao wala alama za rangi kwenye miti. Njia zilizopo ni za watu wanaoishi huko: za wavuvi, za wanaokwenda shamba, za watoto wa shule. Unatembea katika maisha ya wenzako, na hilo lina adabu zake.

Msimbati

Kijiji kiko kama kilomita 45 kusini mashariki mwa mji wa Mtwara, ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyotangazwa mwaka 2000. Kwa kuwa ni hifadhi, kuna kiingilio. Kilipe na uhifadhi risiti. Kutoka Msimbati hadi Ruvula ni ufukwe wa kama kilomita saba, kwa hiyo kwenda na kurudi unapata kilomita 14 za mchanga. Mchanga wenyewe, ukiwa umelowa, ni mgumu kiasi kwamba magari hupita juu yake. Ukikauka, kila hatua inazama.

Hapo sasa ndipo mwezi unapoingia. Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, yaani siku chache baada ya mwezi kuandama na siku chache baada ya mwezi kuwa mpevu, tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu, yaani siku za katikati ya bamvua moja na nyingine, tofauti hiyo hushuka hadi karibu mita 1. Na kuna jambo ambalo wavuvi wanalijua bila karatasi yoyote: bamvua ya pwani hii hupwa asubuhi mnamo saa nne, na hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni. Maji mafu yanakwenda kinyume chake. Saa nne asubuhi ndipo yamejaa.

Kwa hiyo huhitaji programu ya simu. Tazama kalenda ya Kiislamu, ile inayotundikwa ukutani dukani. Tarehe 1 hadi 4 na tarehe 15 hadi 18 za mwezi huo ndizo siku za Msimbati. Ukiondoka kijijini saa moja na nusu asubuhi katika siku hizo, maji yanakimbia mbele yako na kukuachia barabara pana ya mchanga mgumu. Mnamo saa nne yako chini kabisa, na wewe uko Ruvula au karibu nayo. Pumzika, lakini usilale. Kufikia saa saba mchana ufukwe unaanza kubanwa, na anayerudi saa nane anasukumwa juu kwenye mchanga mlaini, chini ya minazi na mivinje, ambako kilomita moja inakula nguvu za kilomita mbili. Hakuna hatari kubwa hapo ya kunaswa na maji, kuna uchovu tu, ila uchovu wa saa nane mchana kwenye jua la Mtwara si jambo la kupuuza.

Ukifika tarehe 9 au tarehe 24, mambo yamegeuka. Asubuhi yote utatembea juu, kwenye mchanga unaomeza miguu, na mwamba ulio nje hautauona kwa sababu maji hayatoki vya kutosha. Bado ni bahari, bado ni nzuri, lakini siku hiyo Newala inakupa zaidi.

Wakati wa bamvua ufukwe unakuwa mahali pa kazi, na mimi hilo ndilo linalonivuta Msimbati kuliko rangi ya maji. Wanawake wanashuka na fimbo zao kutafuta pweza kwenye mashimo ya mwamba, watoto wanaokota, wanaume wanarekebisha nyavu maana saa hizo mashua zimekaa juu ya mchanga. Pita kwa salamu. Usimpige mtu picha akiwa ameinama kazini kabla hujaomba. Na usiende kutembea juu ya mwamba wenyewe kwa sababu tu umeona wengine wapo: wao wanajua pa kukanyaga. Matumbawe hai huvunjika chini ya mguu, na yeye aliyeyavunja huondoka na mguu uliochanika. Taa, yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani, hujificha kwenye mchanga wa maji madogo, na kule kwenye mwamba kuna wanyama wa miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya nyama.

Kuhusu viatu, vaa yeboyebo za kufunga kisigino au raba kuukuu ambazo huogopi kuzilowesha. Kandambili zinakwanyuka kwenye mchanga uliolowa. Peku ni raha kwa kilomita mbili za kwanza, kisha mchanga unaanza kusugua kati ya vidole, na ufukwe una mteremko wake: mguu mmoja unakuwa chini ya mwenzake njia nzima, na mtu mwenye magoti mabovu atalihisi hilo kabla ya Ruvula.

Jua la pwani linadanganya. Kati ya Juni na Agosti kusi inavuma vizuri, mwili unapoa, mtu anadhani hachomwi, na huku mwanga unampiga kutoka juu na kutoka chini kwenye mchanga mweupe. Kofia pana, kanga au kikoi cha kufunika shingo, mikono mirefu. Maji ya kunywa chukua lita tatu kwa mtu mzima. Madafu yapo, samaki wapo, lakini usiijenge siku yako juu ya kukutana navyo.

Mwezi wa nane hadi wa kumi nyangumi hupita nje ya pwani hii wakiwa na watoto wao, na mara nyingine mtu huona mvuke ukiruka akiwa amesimama tu ufukweni. Kasa hutaga katika fukwe za hifadhi. Ukikuta alama za kuburuza zinazopanda kutoka majini hadi kwenye majani, zizunguke, usichimbe. Na utaona pia miundombinu ya gesi, kwa sababu gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982 na tangu 2006 imekuwa ikizalishwa. Hizo usizipige picha kabisa.

Newala

Newala ni safari ya aina nyingine, kuanzia namna ya kufika. Ni kama kilomita 140 kutoka mjini Mtwara, ukipanda uwanda wa juu wa Makonde hadi ukingo wake wa magharibi. Usijaribu kwenda, kutembea na kurudi siku moja. Fika jioni, lala, amka na baridi. Ndiyo, baridi: kwa kila mita 100 unazopanda hewa hupoa kwa zaidi ya nusu nyuzi, na Newala iko mamia ya mita juu ya bahari. Juni na Julai asubuhi kuna ukungu na upepo unaomfanya mtu wa Shangani, pale mjini Mtwara, atafute sweta.

Watu wanakwenda kuona Shimo la Mungu, mahali ambapo uwanda unakatika ghafla na bonde la Ruvuma linafunguka chini yako, na ng'ambo yake Msumbiji. Kutoka mjini si mbali, na ukiishia hapo umepata mandhari lakini hujapata matembezi. Matembezi yenyewe ni kufuata ukingo: unaingia kwenye mashamba ya mikorosho, unatoka kwenye kijiji, unapita muhogo na mbaazi, unaingia tena kwenye vichaka, na kila baada ya muda miti inaachana na bonde linakutokea upande wa pili, kila mara kwa sura nyingine. Asubuhi bonde limejaa ukungu. Saa tano limekuwa la buluu. Alasiri unaanza kutofautisha mashamba yaliyo chini. Mimi hupendekeza mtu aende na ukingo nusu siku, kisha arudi kwa njia za ndani kupitia vijijini.

Sasa maji. Uwanda wa Makonde ni mchanga na miamba inayopitisha maji. Mvua inanyesha, tena ya kutosha, inazama yote, na kutokea kama chemchemi kule chini kwenye miguu ya mteremko. Juu hukuti kijito wala bwawa la kuaminika. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alikaa Newala na kueleza jinsi maji yalivyokuwa yakifuatwa bondeni na kupandishwa mteremko mzima. Watu walivumilia hilo kwa sababu: juu, ndani ya vichaka vizito, palikuwa na usalama dhidi ya uvamizi na biashara ya watumwa. Leo maji ya mradi wa Makonde husukumwa kwa pampu kutoka visima vya Mitema, na bado katika vijiji vingi utaona matangi ya kuvuna maji ya paa na ndoo zilizopangwa foleni.

Kwa anayetembea maana yake ni hii: lita nne kwa mtu mzima, na lita nne ni kilo nne. Ukiongeza chakula na nguo ya ukungu, mfuko unafika kilo saba. Unaweza kununua maji ya chupa katika vijiji vikubwa, lakini kuomba maji nyumba kwa nyumba si sahihi. Watakupa, maana hakuna Mmakonde atakayekunyima maji, na hilohilo ndilo linalokutaka usiombe. Maji hayo kuna mtu ameyabeba au ameyanunua kwa ndoo.

Njia za Newala ni mchanga mwekundu katika sehemu nyingi, laini kiangazi, wenye kuteleza masika. Raba zenye soli ya kushika zinatosha. Suruali ndefu, kwa ajili ya vichaka na kwa ajili ya nyoka. Kivuli kipo kingi kuliko pwani, kwa kuwa mkorosho mkubwa hutandaza matawi hadi karibu na ardhi. Hata saa saba mchana utapata pa kukaa. Kwa hiyo, mtu asiyevumilia jua anaweza kutembea kilomita nyingi zaidi Newala kuliko Msimbati, ingawa mfuko wake ni mzito zaidi.

Usishuke bondeni kichwakichwa. Kwanza kwa sababu ya mwili: kushuka kunapendeza, kupanda mamia ya mita saa nane mchana ukiwa umemaliza maji ni adhabu. Pili kwa sababu ya mpaka. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, kilicho kando ya Ruvuma upande wa Mtwara, kilivamiwa na wapiganaji waliotoka ng'ambo, na tangu hapo mgeni anayeonekana akizunguka karibu na mto huulizwa, na ni haki aulizwe. Beba kitambulisho. Pita kwa mwenyekiti wa kijiji au afisa mtendaji, jitambulishe, sema unakwenda wapi na utarudi lini. Mara nyingi watakupa kijana wa kukuongoza. Mpokee, mlipe vizuri, na mtembee pamoja. Siku yako itakuwa na maelezo ambayo usingeyapata peke yako: shamba lipi la nani, mti upi dawa ya nini, na ming'oko inachimbwa wapi.

Hiyo ming'oko, ile mizizi ya porini inayochemshwa na kuuzwa barabarani huku kusini, ndiyo chakula cha njiani ninachokiamini kwa matembezi ya uwandani. Haiharibiki haraka, inashibisha, na haidai maji mengi kama biskuti. Ongeza karanga na ndizi.

Msimu, kwa sababu unabadilisha hesabu yote

Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Katika miezi hiyo Newala siishauri: njia zinateleza, ukungu unaweza kufunika bonde kutwa nzima na ukasafiri kilomita 140 kuona weupe. Msimbati bado inawezekana asubuhi kati ya mvua na mvua, ingawa joto la Januari na Februari lina unyevu unaochosha.

Juni hadi Oktoba kote kunafaa, ila kuna la kujua kuhusu mikorosho. Kuanzia kama Juni hadi Agosti wakulima wanapuliza salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga. Vumbi lake linawasha macho na kukaba koo, na upuliziaji hufanywa mapema asubuhi upepo ukiwa umetulia, saa ileile mtembeaji anayotaka kuanza safari. Ukisikia mashine inanguruma shambani, subiri au zunguka. Mwenye pumu aichague Msimbati kwa miezi hiyo, na hapo sina la kuongeza.

Oktoba na Novemba, wakati wa kuokota korosho, uwanda unabadilika. Familia nzima ziko shambani, mabibo yamelala chini mekundu na ya njano, harufu yake imetanda kila mahali. Kwangu huo ndio wakati bora kabisa wa Newala, hata kama joto limeanza kupanda. Bibo utakaribishwa ule. Korosho yenyewe usiiguse: hilo ni zao la mwaka mzima la mwenye shamba, linapimwa kwa kilo na kupelekwa ghalani. Wala usiitie jino korosho mbichi kwa udadisi, kwa sababu ganda lake lina mafuta yanayounguza midomo na vidole.

Kuhusu urefu wa mchana: Juni jua la Mtwara huchomoza baada ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kuzama mapema, dakika chache baada ya saa kumi na mbili jioni. Giza letu halichukui muda kuingia. Pwani hilo halisumbui sana, maana bahari ilishakurudisha mapema. Newala linahesabika; weka saa tisa alasiri kuwa mwisho wa kwenda mbele, popote ulipo, kisha geuka.

Gharama na watu wa kwenda nao

Msimbati inadai usafiri wa asubuhi sana na kiingilio cha hifadhi. Usafiri wa abiria wa kutegemea saa moja asubuhi ni mgumu, kwa hiyo ama ulale kijijini, ama mchangie gari, ama uchukue bodaboda kwa makubaliano ya kwenda na kukufuata. Newala inadai nauli ya basi na malazi ya usiku mmoja au miwili, na posho ya kijana wa kukuongoza. Kwa mtu mmoja gharama haziachani sana. Kwa kundi la watu wanne wanaochangia gari, Msimbati inakuwa nafuu.

Watoto wa miaka minane hadi kumi na miwili wanaiweza Msimbati kwa nusu ya njia, na wataipenda, kwa sharti kwamba mtu mzima mmoja hana kazi nyingine ila kuwatazama. Newala ukingoni na watoto wadogo, hapana. Hakuna uzio. Wazee wenye miguu imara lakini wasiopenda joto, Newala kwa njia za ndani, bila kushuka popote.

Mavazi yanahusu kote. Msimbati ni kijiji cha Waislamu kwa sehemu kubwa. Nguo za kuogelea ni za majini, na unapopita kijijini jifunge kanga au vaa shati. Mwezi wa Ramadhani usile ukitembea mbele za watu, tafuta faragha. Na salamu zitangulie kila kitu: shikamoo kwa mzee aliyeketi barazani, hodi kabla ya kukatisha uwanja wa mtu.

Kama zote mbili hazikufai: Mikindani

Kuna mtu ambaye kalenda inamwambia tarehe 9 na hana usiku wa kulala Newala. Huyo namwambia atembee kutoka mjini Mtwara hadi Mikindani, kama kilomita 10, kwa kuzunguka ghuba. Hii ni nusu siku, na njia yake si ya mchanga mweupe: utakuwa na barabara sehemu kubwa, mikoko upande mmoja, mashamba ya chumvi, minazi na mibuyu. Haitegemei maji yawe wapi, na ukichoka daladala inapita.

Thamani ya njia hiyo iko mwishoni. Mikindani ilikuwa mji wakati Mtwara ya leo haijafikiriwa. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1940. Mmisionari na msafiri Mskoti David Livingstone alianzia Mikindani mwaka 1866 safari yake ya mwisho ya kuingia bara. Boma la Wajerumani la mwaka 1895 limekarabatiwa na linatumika, na nyuma yake kuna kilima ambacho ukikipanda unaiona ghuba yote na mlango wake mwembamba wa bahari. Nenda taratibu kwenye vichochoro. Milango ya kuchonga na roshani bado zipo, nyingine katika nyumba zilizobomoka nusu, na inauma kuziona hivyo.

Kwa aliyeko kwenye safari ya siku nyingi kuelekea Lindi, Mikindani ndiyo siku ya kwanza ya kawaida. Baada yake unachagua tena pwani au bara. Barabara ya lami ya Mtwara hadi Lindi, zaidi ya kilomita 100, ni ya uhakika lakini ina malori. Upande wa pwani unapita Mgao na Sudi, una vijiji vya wavuvi na mikono ya bahari yenye mikoko inayokulazimisha kuingia ndani kuizunguka au kuomba kuvushwa kwa mtumbwi, na unamalizikia Kitunda, unapovuka kwa kivuko mdomo wa Lukuledi kuingia Lindi mjini. Hesabu ya bamvua inakufuata njia nzima, kwa sababu hori linalovukika kwa miguu saa nne halivukiki saa kumi.

Na wa Lindi je?

Mkazi wa Lindi akiniuliza, simpeleki Newala. Anao uwanda wa Rondo, wenye msitu wa hifadhi ya mazingira asilia ulio chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), ambako anaishi komba wa Rondo, mwenye uzito wa kama gramu 60 tu, mmoja wa komba wadogo kuliko wote duniani. Hutembea usiku, kwa hiyo mtembeaji wa mchana asimwahidi mtoto wake kumwona. Lakini kivuli cha msitu ule kinaizidi mikorosho ya Newala, na kwa asiyejali kuona bonde, Rondo inashinda. Kibali cha kuingia msituni kipatikane kabla ya siku.

Kuna pia Tendaguru, kilima kilicho kaskazini magharibi mwa mji wa Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba huko mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, na zaidi ya tani 200 zikabebwa na wapagazi vichwani na mabegani hadi bandarini Lindi, mwendo wa siku kadhaa kwa mguu. Msimamizi aliyetegemewa kuliko wote kwenye machimbo alikuwa Boheti bin Amrani. Mjusi mmoja wao, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, amesimama hadi leo kwenye jumba la makumbusho mjini Berlin. Ningependa sana njia ile ya wapagazi ifufuliwe kuwa njia ya kutembea, ikiwa na vituo, maji na waongozaji kutoka vijiji vilevile vilivyotoa mabega yao. Kwa sasa ni safari ya gari na mwenyeji, si ya mtu na mfuko wake, na katika baadhi ya vijiji vya Lindi ndovu huingia mashambani, jambo ambalo mtembeaji wa peke yake hana kinga nalo.

Ningeamua hivi

Tarehe za mwezi ni 1 hadi 4 au 15 hadi 18, una pumu, una watoto, au huna usiku wa ziada: Msimbati. Maji mafu, hupendi jua, una usiku wa kulala na mgongo wa kubeba lita nne: Newala. Oktoba au Novemba kabla ya mvua, hata kama bamvua iko, mimi huisukuma Newala mbele kwa yule aliyekwisha kuiona bahari, kwa sababu bamvua itarudi baada ya siku 14 na msimu wa korosho hurudi mwaka kesho.

Mwenye siku nne au tano azifanye zote, akianza na ile ambayo mwezi unaikubali. Ukianza Newala, rudi Mtwara, pumzisha mabega siku moja, kisha Msimbati. Mteremko wa ufukwe unasumbua magoti yaliyochoka kwa kupanda, kwa hiyo hiyo siku ya katikati usiiruke. Na popote utakapoanzia, mwachie mtu mmoja mjini jina la kijiji unachokwenda, jina la mwenyekiti uliyejitambulisha kwake, na saa utakayompigia. Mtandao wa simu ukingoni Newala na huko Ruvula unakuja na kukatika, kwa hiyo mkubaliane mapema afanye nini saa hiyo ikipita.